Mshale wa Pikapu ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Fundi ameniambia niandike, basi naandika. Si mambo ya moyoni, ni mambo ya mshale wa geji ya joto: ulipanda saa ngapi, wapi, na gari lilikuwa linafanya nini. "Mwalimu," alisema, "gari lako likifika kwangu linatulia kama bibi harusi. Siwezi kutibu ugonjwa ambao mgonjwa anauacha njiani." Mimi si mwalimu, naandaa vifaa vya maabara ya shule, lakini nimechoka kumsahihisha.

Kwa kumbukumbu: pikapu ni ya marehemu baba, nayo imenizidi umri kwa miaka miwili. Kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka mama hospitali iliyo juu ya mlima kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zimechoka. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiti chake kinamngoja saa mbili. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akimpeleka. Mwezi uliopita aliniletea funguo, akasema kazi za duka lake la vioo zimemzidi, akaondoka kabla chai haijapoa.

Leo mvua. Tulipoanza kupanda mlima, na mshale nao ukaanza kupanda, mpaka ukagusa mstari mwekundu. Nikasimama pembeni. "Si nilisema?" mama akasema. "Linaungua hili. Turudi nyumbani." Nikafungua boneti. Hakuna mvuke, hakuna harufu, hozi ya juu haijavimba. Tukaendelea. Tumefika saa mbili na dakika ishirini, muuguzi akatuangalia kama watu waliochelewa mazishi.

Alhamisi, 7 Machi

Jua. Mshale katikati, kwenda na kurudi.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mshale juu tangu darajani. Mimi natazama barabara, mama anatazama mshale. Amesema turudi mara tatu. Mara ya tatu nilimjibu vibaya.

Alhamisi, 14 Machi

Manyunyu, kisha mvua kubwa. Mshale ulipanda pamoja na mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Fundi amebadilisha sensa, kile kidude kilichofungwa kwenye injini kupima joto la maji. Huyu fundi watu wanamwita Polepole, na mwenyewe anaitikia. Kazi ya nusu saa aliifanya kwa saa tatu, akisimama mara kwa mara kuifuta spana iliyokuwa safi. Nilipomuuliza kama ana hakika ni sensa, alisema, "Sina hakika. Ila ndiyo ya kwanza kushukiwa."

Kaka alipita na gari lake la kubebea vioo, akaona boneti imefunguliwa. Alishusha kioo cha dirisha, akauliza, "Mnatafuta nini humo?" Nikamwambia geji inadanganya. Akasema, "Gari la zamani hilo, achana na geji. Endesha tu." Akaenda zake. Hakuuliza habari za mama.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Sensa mpya, tabia ya zamani.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimegundua jambo, tena si kwa akili bali kwa kupiga chafya. Nilipopiga chafya mkono uligonga swichi ya waipa za kufutia mvua kiooni, zikasimama. Mshale wa joto ukashuka papo hapo. Nikawasha waipa, ukapanda. Nikawasha na taa, ukapanda zaidi. Kisha nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu mwezi mzima: mshale wa mafuta nao ulikuwa unapanda. Nilitoka nyumbani na nusu tangi, tukafika mlimani na tangi limejaa, bila kupita kituo cha mafuta. Gari la namna hiyo kila mtu angelitaka.

Nimerudia kurasa zote za daftari hili. Kila siku mshale ulipopanda, niliandika mvua. Injini haikuwa na joto. Ni umeme.

Nilimwambia mama kwa furaha, nikamwonyesha: washa, zima, washa. "Umeona? Halikuwa linaungua hata siku moja." Akatazama, akageukia dirishani. Nilidhani angefurahi.

Jumamosi, 23 Machi

Polepole alilisoma daftari lote akiwa amekaa juu ya tairi, akilamba kidole kila anapofunua ukurasa. Alipomaliza alisema, "Mwalimu, umenifanyia kazi yangu." Akajilaza chali chini ya dashibodi, miguu nje. Waya wa hasi, ule unaorudisha umeme wa dashibodi kwenye bodi ya gari, ulikuwa umeoza kutu pale ulipofungwa. Ukiwasha vitu vingi, umeme unakosa njia ya kurudi, unajipenyeza kwenye mageji. Akaukwangua, akaufunga upya, akaupaka grisi. Tukawasha kila kitu kinachowaka. Mishale haikutikisika.

Niyafute niliyoandika kuhusu saa tatu na spana safi? Nitayaacha. Lakini fundi huyu si mzembe. Ni mtu asiyependa kusema jambo asilolijua.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua ya mawe. Mshale umetulia, tena chini, kwenye robo. Mama hakusema turudi. Hakusema chochote, kwenda wala kurudi.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Robo. Mama anadai goti linamuuma, hawezi kupanda garini. Nilimshika mkono, akapanda bila shida.

Jumamosi, 30 Machi

Hii robo ilikuwa inanisumbua. Nimeazima kipimajoto cha maabara, kile kirefu cha digrii mia na kumi. Injini ikiwa baridi tulifungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, tukakitumbukiza, tukawasha, tukangoja. Maji yalifika digrii themanini na nane, joto la injini iliyo tayari kwa kazi. Mshale ulipaswa kuwa katikati. Ulikuwa robo, haujali.

"Zamani ilizidisha," alisema Polepole. "Sasa inapunguza."

Akachomoa waya kwenye sensa, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Anasema geji nzima ikifanyiwa hivyo, mshale lazima uruke mpaka mwisho wa juu. Uliruka ukaishia kidogo kupita katikati. Kwa hiyo kuna kitu kati ya sensa na geji kinachozuia umeme, na kwa muda wote huu makosa mawili yalikuwa yakifichana: moja linapandisha, jingine linashusha, siku za jua yanakutana katikati na sote tunalala usingizi.

"Nahitaji siku nzima," alisema. "Lazima dashibodi itoke yote, niufuate waya huu kidole kwa kidole."

Nikahesabu siku zangu. Mitihani ya vitendo shuleni, mama mara mbili kwa wiki. Nikamwambia tungoje likizo ya katikati ya muhula. Gari linakwenda, mshale wa chini haumtishi mtu.

"Wa chini ndio mbaya," alisema. "Wa juu unakusimamisha bure. Wa chini haukusimamishi hata pakiwa na sababu. Basi niahidi, kila asubuhi kabla ya kuwasha, unatazama maji kwanza."

Nimeahidi.

Jumatatu, 1 Aprili

Maji yapo. Robo.

Alhamisi, 4 Aprili

Maji yamepungua kidogo, nimeongeza. Robo.

Jumatatu, 8 Aprili

Maji yamepungua tena, nimeongeza. Nimwambie Polepole. Robo.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika haya nikiwa nyumbani, saa kumi jioni. Nitayaandika kwa mpangilio.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Mama alichelewa kuvaa. Alitafuta kitambaa cha kichwa ambacho mwishowe kilikuwa begani mwake. Saa moja kasorobo ndipo nilipomfungia mlango wa gari. Sikutazama maji. Nilikumbuka nikiwa nimeshawasha injini, nikasema moyoni nitatazama tukifika.

Kwenye kona ya nne ya mlima mshale ulishuka kutoka robo hadi sifuri. Niliuona. Nilifikiri: baridi ya mvua. Mimi, ninayewaonyesha watoto wa watu namna ya kushika kipimajoto, nilifikiri hivyo. Sasa najua kilichotokea. Maji yalikuwa yamekwisha, sensa ikabaki hewani, na sensa haipimi hewa, inapima maji. Injini ilikuwa inaiva huku geji ikiniambia iko baridi.

Kona ya sita nikasikia kugonga, kama mtu anayepiga hodi kwa haraka. Halafu harufu. Halafu gari likakosa nguvu, likasimama lenyewe, na mvuke mweupe ukatoka kila upande wa boneti mpaka mbele kukawa hakuonekani kitu.

"Mama, shuka."

"Mvua inanyesha."

"Mama, shuka tafadhali."

Nikamshusha, nikamkalisha kwenye jiwe chini ya ukingo wa mlima, nikamfunika kwa turubai la nyuma ya pikapu. Hozi ya chini ilikuwa imepasuka urefu wa kidole. Maji yote yalikuwa barabarani huko nyuma.

Nikampigia kaka. Aliposikia neno mlima alikata simu kabla sijamaliza. Alichukua saa moja na dakika kumi na gari la vioo. Wakati huo wote mama alikaa chini ya turubai, mikono mapajani, na uso wake sikuuelewa. Haukuwa wa hofu. Ukiniuliza leo nitasema ulikuwa uso wa mtu aliyepewa ruhusa.

Kaka akasema tumpandishe, bado tunaweza kuwahi zamu ya pili. Mama akasema, "Siendi."

"Mama, huwezi kuruka siku," kaka alisema.

"Nimelowa, nina baridi, siendi. Mungu mwenyewe kasimamisha gari, wewe nani?"

Kaka alinitazama. Mimi nilikuwa nimelowa pia, na nilijua kosa ni langu, na mtu mwenye kosa hana sauti. Tukamrudisha nyumbani.

Jumamosi, 13 Aprili

Maji mengine haya, ya mwilini. Tangu jana miguu ya mama imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Leo asubuhi alishindwa kuvuta pumzi akiwa amelala, akakaa kitako anahema kama aliyekimbia. Nilimpigia kaka, alifika akiwa na glavu za kukatia vioo mikononi. Alimbeba mama kama gunia la pamba. Walimwingiza kwenye mashine bila kungoja zamu. Saa nane mchana pumzi imerudi.

Daktari alituuliza nani anamsimamia mgonjwa huyu. Tukajibu kwa pamoja, "Mimi."

Jumatatu, 15 Aprili

Mama bado wodini. Amesafishwa tena. Anakula.

Jumanne, 16 Aprili

Polepole amenipigia simu, jambo ambalo hafanyi. Nimekwenda gereji kwake, alikolivuta gari toka mlimani. Dashibodi nzima iko chini, gari linaonekana kama mtu aliyetolewa meno. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kifuniko cha injini, imeungua, na hedi yenyewe itapelekwa kunyooshwa. Lakini hakuniitia hilo.

Alinyoosha kiganja. Palikuwa na rizista, kile kidude kidogo cha michirizi ya rangi cha kupunguza umeme. Ninavyo droo nzima maabara. Kilikuwa kimepachikwa katikati ya waya wa geji, kikaunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha na kuviringishwa utepe mweusi.

"Utepe huu bado unanata," alisema. "Hauna miezi sita. Na kazi ni safi. Huyu aliyeweka alijua anachotaka, mshale usipande." Akakiweka mkononi mwangu. "Njia ya mwongo fupi, Mwalimu. Lakini sidhani huyu alikuwa mwongo. Nadhani alikuwa amechoka."

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda dukani kwa kaka, aliyekuwa na funguo kabla yangu. Alikuwa anakata kioo cha dirisha, nami nikangoja, maana mtu mwenye kioo mkononi hagombezwi. Alikwaruza mstari, akakigonga, kikaachana vipande viwili. Ndipo nikaweka rizista juu ya meza yake.

Hakukana. Alivua glavu, akakaa.

"Januari," alisema. "Mama alinirudisha njiani mara mbili. Mshale ukipanda tu, anapiga kelele gari linaungua, nimrudishe. Nikifungua boneti, hakuna kitu. Mara ya pili alishika usukani. Nikiwa mlimani, mdogo wangu. Alishika usukani." Akanionyesha kwa mkono wake. "Nikamtafuta jamaa anayefunga redio za magari. Nikamwambia mshale huu nautaka chini, basi. Mvua nazo zikakatika, mshale ukatulia. Na mama akatulia, ila akawa hasemi tena na mimi."

"Kwa nini hukuniambia uliponipa funguo?"

"Ningesemaje? Kwamba nimemdanganya mama kwa kidude? Nilidhani utaendesha tu."

"Nimeendesha tu. Injini imekufa, na mama alikaribia kwenda nayo."

Nilikusudia kusema zaidi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini kaka yangu, ambaye wiki saba nimemhesabu kuwa mvivu anayekimbia zamu yake, alifunika uso kwa mikono yenye mikwaruzo ya miaka ishirini ya vioo, akasema kwa sauti iliyotokea vidoleni, "Sikuweza tena kumwacha pale mlangoni. Anavyogeuka kunitazama. Sikuweza."

Nikamwambia pia kwamba asubuhi ile sikutazama maji, ingawa niliahidi. Alikuwa hajui. Akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama ametoka jana. Leo, baada ya chakula cha mchana, tulikaa naye sebuleni, kaka kwenye kiti, mimi mkekani. Kaka alimweleza habari za rizista mwenyewe, bila kupunguza. Nilingoja mama akasirike.

"Nilijua," alisema mama. "Nilimwona yule kijana wa redio. Mimi si kipofu."

"Ulijua, na ukaendelea kupanda garini?" nikauliza.

"Ningefanya nini? Nilikuwa na sababu moja, mkaniondolea. Mkaniacha na goti."

Kaka aliuliza, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia, "Sababu ya nini, Mama?"

Ndipo akatuambia. Kiti cha jirani yake pale kwenye mashine kilikuwa cha mwanamke muuza vitambaa, mcheshi, aliyekuwa akimsimulia habari za wateja wake wasiojua kuchagua rangi. Mwaka mzima wamekaa pamoja, saa nne kila safari. Alhamisi moja mwanzoni mwa Januari yule mwanamke alikuwa katikati ya hadithi ya mteja aliyerudisha kitambaa mara tatu. Akanyamaza. Mama akadhani amesinzia, akamngoja amalizie. Kisha muuguzi akaja, akavuta pazia. Wakamtoa. Mashine ya mama ilikuwa bado ina saa moja na nusu, na hakuna mtu aliyemwambia neno. Jumatatu iliyofuata mtu mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti kile, anasoma gazeti.

"Kila nikifika pale," alisema, "namngoja amalizie."

"Kwa nini hukutuambia?" nikauliza. Swali la kijinga.

"Mna kazi zenu. Mnaniacha mlangoni mnakimbia. Ningewaambia wakati gani, mkiwa mnafunga mlango wa gari?"

Nimeandika kila safari tangu Machi, joto na mvua na waipa, na kwenye daftari lote hili hakuna mahali nilipoandika nini hutokea kwa mama baada ya saa mbili asubuhi. Sikujua. Sikuwahi kupita ule mlango.

Jumatatu, 22 Aprili

Gari la vioo. Nimeingia ndani na mama. Nimemwomba muuguzi mkuu ambadilishie kiti. Akafungua kinywa kukataa, nikamweleza sababu, akakifunga. Ametoa kiti cha dirishani. Amesema yeye mwenyewe ndiye aliyevuta pazia siku ile, na kwamba alifikiri kunyamaza ni heshima.

Nilikaa saa nne. Ni muda mrefu. Mama alinieleza namna baba alivyoinunua pikapu na namna alivyoirudisha nyuma siku ya kwanza akavunja ukuta wa jirani. Sijawahi kuisikia hadithi hii.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilikaa tena. Mkuu wa shule amekubali kazi za asubuhi za maabara nizifanye alasiri. Mvua zinapungua.

Jumamosi, 27 Aprili

Pikapu imepona. Gasketi mpya, hozi zote mpya, waya wa geji mzima. Polepole hakuniruhusu kuichukua mpaka tuipime kwa kipimajoto mara tatu. Digrii themanini na nane, mshale katikati. Mara ya tatu nilimwambia inatosha. Akasema, "Kwako inatosha."

Jumatatu, 29 Aprili

Mawingu. Mshale katikati. Mama alizungumza njia nzima, na mlimani akaimba kidogo, vibaya.

Alhamisi, 2 Mei

Zamu ya kaka. Alitaka kuahirisha, simu mbili za wateja, na dirisha la mtu halina kioo. Mama akamwambia, "Kioo kitangoja. Watu wameishi na madirisha wazi." Akaenda naye.

Saa nne asubuhi nilipanda basi nikawafuata, kwa sababu nilijua kaka hajawahi kuingia ndani na niliogopa atakuwa amesimama nje kwenye maegesho. Hakuwapo nje. Nikapita ule mlango. Wodi ilikuwa kimya, mashine zinanguruma taratibu, jua limefika mpaka miguuni pa kiti cha dirishani.

Kaka alikuwa amekaa kwenye stuli, kichwa kimelala pembeni ya kiti cha mama, mdomo wazi, usingizi wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka uanze. Mkono mmoja wa mama ulikuwa umefungwa mirija. Ule mwingine alikuwa ameuweka juu ya kichwa cha mwanawe.

Muuguzi alikuja kumchomoa mama mirija, akataka kumwamsha kaka apishe. Mama akatikisa kichwa. Aliponiona mlangoni akaweka kidole mdomoni.

"Zunguka upande huu," alimwambia muuguzi kwa kunong'ona. "Mwache kwanza."

Muuguzi akazunguka.